Kompyuta ya baiskeli: nunua ile isiyojua mengi

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kuna mfumo wa malipo wa mteja mmoja uliokuwa ukininyima usingizi, lakini sasa umetulia na mimi nimerudi. Leo sitaandika juu ya hifadhidata wala lugha za programu. Nataka kuzungumzia kompyuta ndogo kuliko zote nilizowahi kuzishika, ile inayofungwa kwenye usukani wa baiskeli ikakuonyesha kasi na umbali. Pia nataka kukiri kosa, kwa sababu nilimshauri mtu vibaya na ningependa wewe usishauriwe hivyo.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ana miaka 19. Alikuwa mkimbiaji kama vijana wengi wa hapa Uasin Gishu na majirani zetu wa Elgeyo Marakwet. Goti likaanza kumsumbua, daktari akamwambia apunguze kukimbia, naye akahamia kwenye baiskeli. Alipata ya mtumba, ya mashindano, magurudumu membamba. Kila asubuhi husambaza maziwa Kapsoya, na katika pesa hizo aliweka akiba kwa miezi saba hadi akafikisha shilingi 18,000. Jumapili moja akaja kwangu.

"Anko, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Nataka ya baiskeli. Nichukue ipi?"

Nilifurahi mno kuulizwa. Nikafanya kile tunachofanya sisi watengeneza programu: nikafungua jedwali, nikapanga sifa za kila kifaa kwenye safu, nikahesabu alama. Kilichoshinda kilikuwa kifaa cha GPS kilichotumika, chenye ramani, kipima mwinuko, Bluetooth, na uwezo wa kutuma safari zako kwenye intaneti. Sitataja kampuni, kwa sababu kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lao. Bei ilikuwa shilingi 16,500. Akalipa.

Wiki mbili za kwanza alikuwa akinitumia picha za skrini kila jioni. Halafu matatizo yakaanza. Programu ya simu ilitaka toleo jipya ambalo simu yake haikuweza kulibeba. Kifaa kilikuwa bado kimeunganishwa na akaunti ya mwenyewe wa kwanza, ambaye hatukumjua. Betri iliyoandikwa kuwa ya saa 12 ilikuwa ikifika saa nne kwa shida. Nikamwambia avumilie, nitakirekebisha wikendi. Nyinyi mnajua wikendi za mtu wa programu zinavyokwenda.

Jumamosi moja, baada ya kumaliza maziwa na kulala kidogo, alitoka Eldoret saa sita na nusu mchana, akapita Iten na kuteremka bonde la Kerio kwa njia ya Tambach hadi Biretwo. Simu aliiacha nyumbani. Ya nini, na saa iko pale kwenye usukani? Huko chini akapumzika chini ya mti, akala maembe, akapiga gumzo na vijana wenzake. Akatazama skrini: saa tisa na dakika kumi. Muda upo. Baadaye akatazama tena: saa tisa na dakika kumi. Jua lilipoanza kuinama ndipo akagundua kwamba kifaa kilikuwa kimeganda, pamoja na saa yake.

Wanaoijua barabara hiyo wanajua maana yake. Kutoka chini ya bonde hadi Iten, iliyo kwenye kimo cha mita 2,400 hivi, unapanda zaidi ya mita elfu moja, kona baada ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Giza likamkuta katikati ya mlima bila taa. Akashuka, akaisukuma baiskeli ukingoni huku malori yakimpita karibu, mpaka dereva mmoja aliyebeba maembe akasimama na kumpakia hadi Iten. Alinipigia kwa simu ya dereva huyo saa tatu usiku.

"Anko, ile mashine iliganda."

Hakunilaumu. Dada yangu naye hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: taa ya baiskeli ni pesa ngapi?

Nilikuwa najua jibu, maana nilishaziona dukani. Kwa zile shilingi 16,500 angepata taa ya mbele, taa ya nyuma, kofia nzuri, tairi mbili mpya na kompyuta ya baiskeli ya kawaida, ile ya waya. Lakini kwenye jedwali langu hapakuwa na safu ya taa.

Tangu siku hiyo nimelifikiria jambo hili sana, na msimamo wangu sasa ni huu: kwa waendeshaji wengi, kompyuta bora ya baiskeli ni ile inayofanya kazi mbili tatu, isiyohitaji simu, akaunti, seva wala chaja. Hebu nieleze kwa nini, kwa macho ya mtu anayekula kwa kuandika programu.

Kilichomo ndani

Kompyuta ya waya ina vipande vitatu. Sumaku ndogo inafungwa kwenye spoki ya gurudumu la mbele. Kihisi kinafungwa kwenye uma, mahali ambapo sumaku itapita karibu nacho, kama milimita tano hivi. Halafu waya unapanda hadi kwenye kisanduku cha skrini juu ya usukani.

Ndani ya kihisi mna vibamba viwili vyembamba vya chuma ndani ya kichupa cha kioo. Sumaku ikipita, vibamba vinagusana, ikiondoka, vinaachana. Swichi ya namna hii ilibuniwa mwaka 1936 na Walter B. Ellwood katika maabara za Bell huko Marekani, na ilikuja kutumika kwa wingi kwenye mitambo ya simu. Haina programu ndani yake na haihitaji umeme wake yenyewe. Kichupa kimezibwa, kwa hiyo vumbi na maji havigusi vibamba.

Sasa programu yenyewe. Ukiondoa mambo ya skrini na vitufe, ni hii hapa:

kila sumaku inapopita:
mizunguko = mizunguko + 1
umbali = mizunguko × mzingo wa gurudumu
kasi = mzingo wa gurudumu ÷ muda wa mzunguko wa mwisho

Basi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta anaweza kuiandika kabla chai haijapoa. Kuna mtego mmoja tu: vibamba vile vinapogusana hurukaruka kidogo, na mguso mmoja unaweza kuonekana kama mitatu. Dawa ni kupuuza mguso wowote unaokuja ndani ya milisekunde 20 baada ya ule uliotangulia. Je, hutapoteza mizunguko ya kweli? Hapana. Mizunguko 50 kwa sekunde kwa gurudumu lenye mzingo wa mita 2.136 ni kasi ya zaidi ya kilomita 380 kwa saa. Hata mteremko wa Tambach haujafikisha mtu huko :-)

Ukienda kwa kilomita 36 kwa saa, gurudumu hilo linazunguka chini ya mara tano kwa sekunde. Kwa safari nzima ya kilomita 100, kompyuta inahesabu mizunguko kama 46,800. Kazi hiyo ni ndogo mno, kwa hiyo kisanduku kinalala karibu muda wote, na betri moja ya sarafu, aina ya CR2032, inadumu miaka. Betri hiyo ina uwezo wa takriban mAh 220. Kifaa cha GPS kinapaswa kusikiliza setelaiti bila kupumzika, kuwasha skrini ya rangi na kuzungumza na simu, ndiyo maana kinaomba chaja kama mtoto anavyoomba maziwa.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko umeme wa Eldoret. Mwaka 1895 Curtis Veeder, fundi wa Hartford, Connecticut, alianzisha kampuni ya kutengeneza kihesabio kidogo cha magurudumu ya meno kilichofungwa kwenye ekseli ya baiskeli. Kwa kila mzunguko kilisogezwa na kijiti kilichofungwa kwenye spoki. Baadaye kampuni hiyo ikawa Veeder-Root, iliyosifika kwa vihesabio vya pampu za mafuta. Kwa hiyo zile namba zilizokuwa zikizunguka kwenye pampu za petroli za zamani ni ndugu wa kihesabio cha baiskeli. Mashine iliyohesabu kitu kimoja, na kukihesabu vizuri, iliwafaa watu kwa vizazi.

Kila tegemeo ni mahali pa kuharibikia

Kazini nimejifunza jambo moja kwa machungu: mfumo hauharibikii pale ulipouandika vizuri, unaharibikia pale unapomtegemea mwingine. Kompyuta ya waya inategemea sumaku, waya na betri. Kifaa chenye akili nyingi kinategemea setelaiti, programu ya ndani, simu, mfumo wa simu, programu ya simu, akaunti, nywila, seva ya kampuni, na uamuzi wa wakurugenzi usiowajua.

Mifano ipo, na ni ya kampuni kubwa zenye wahandisi wazuri kuliko mimi. Julai 23, 2020 Garmin ilishambuliwa na programu ya wahalifu iliyofunga kompyuta zake ili idaiwe fidia. Kwa siku kadhaa huduma ya Garmin Connect haikupatikana. Tuwe waungwana: vifaa vyenyewe viliendelea kurekodi, na aliyejua kuchomeka kebo ya USB aliweza kutoa faili zake. Lakini watu wengi duniani siku zile ndipo walipogundua kwamba hawakujua safari zao zinakaa wapi.

Mfano wa pili ndio unaoniuma zaidi kitaaluma. Mapema mwaka 2022 kampuni ya SRAM iliinunua Hammerhead, watengenezaji wa kompyuta ya baiskeli iitwayo Karoo 2. Shimano, mshindani wa SRAM, akataka sifa zinazohusiana na gia zake za umeme ziondolewe. Mwezi Mei mwaka huohuo watumiaji wakaambiwa kwamba sifa hizo zingeondolewa kwa sasisho. Fikiria hilo, ndugu msomaji. Umekilipia kifaa, umekifunga kwenye baiskeli yako, kiko nyumbani kwako, halafu kampuni mbili zinagombana mbali huko na kesho yake kinafanya kazi pungufu. Sumaku kwenye spoki haiwezi kufanyiwa hivyo.

Mfano wa tatu ni wa siri zako. Mwishoni mwa 2017 Strava ilichapisha ramani ya dunia inayoonyesha mahali ambapo watumiaji wake wanakimbia na kuendesha baiskeli. Januari 2018 watu wakagundua kwamba ramani hiyo ilikuwa imechora kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakifanya mazoezi na saa zao. Wewe huna kambi, lakini una nyumba, na una baiskeli ambayo mtu angependa kuichukua. Ukisambaza kila safari bila kuficha mwanzo na mwisho wake, umewaonyesha wageni lango lako na saa unazotoka. Mipangilio ya kuficha ipo, lakini lazima ujue ipo na uiwashe. Kompyuta ya waya haijui unakaa wapi.

Je, GPS si sahihi zaidi?

Swali hili huulizwa kila mara, na wengi hushangaa jibu. Kwa kasi na umbali, gurudumu lililopimwa vizuri kwa kawaida humshinda setelaiti.

Vifaa vingi vya GPS huandika mahali ulipo mara moja kwa sekunde, na kila alama inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Ukiteremka kwa kilomita 50 kwa saa, kati ya alama moja na nyingine umekwenda karibu mita 14. Kwenye kona kali kifaa kinaunganisha alama kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo kinaikata kona kama mwanafunzi anayepitia shambani. Pale Tambach ukuta wa mwamba nao unakuzibia sehemu ya anga, setelaiti zinazoonekana zinapungua, na namba zinaanza kuyumba. Gurudumu halijali anga. Linahesabu ardhi.

Lakini gurudumu lina sharti lake: lazima uiambie kompyuta mzingo sahihi. Majedwali ya watengenezaji huonyesha milimita 2096 kwa tairi ya 700×23 na milimita 2136 kwa ile ya 700×28. Tofauti ni milimita 40 tu, sivyo? Lakini ni karibu asilimia 2. Ukiwa na tairi ya pili huku umeweka namba ya kwanza, baada ya kilomita 100 za kweli utaonyeshwa 98.1. Nimekutana na watu wanaobishana juu ya nani ana kasi zaidi, kumbe wanabishana juu ya mipangilio.

Kwa hiyo pima mwenyewe, usitegemee jedwali. Jaza upepo kama kawaida yako. Weka alama ya chaki kwenye tairi pale inapogusa sakafu, na alama nyingine sakafuni. Kaa juu ya baiskeli, maana uzito wako unaibonyeza tairi, mwenzako akushikilie, kisha usogee mbele moja kwa moja mpaka gurudumu lizunguke mara tatu kamili. Pima umbali kwa futi ya fundi, gawanya kwa tatu, andika kwa milimita. Njia hii inafaa kila baiskeli, hata Black Mamba ya mzee, ambayo huenda usiipate kwenye jedwali lolote la kisasa.

Mambo ya kuangalia dukani

Sasa tuingie dukani. Haya ndiyo ninayoyaangalia siku hizi, kwa mpangilio wa umuhimu.

Kwanza, betri. Je, ni aina unayoweza kuinunua mjini leo? CR2032 ndiyo ileile inayotunza saa na mipangilio kwenye ubao mama wa kompyuta za mezani, kwa hiyo duka lolote la vipuri vya kompyuta linapaswa kuwa nayo. Je, kifuniko chake kinafunguka kwa sarafu? Ukiona kifaa chenye betri ya kuchaji iliyogandishwa ndani, jiulize itakuwaje baada ya miaka minne.

Pili, waya au bila waya. Mimi nachagua waya. Vya bei nafuu visivyo na waya huhitaji betri mbili, moja kwenye skrini na nyingine kwenye kihisi, na aina za zamani zisizo za kidijitali huweza kuvurugwa na nyaya za umeme au taa za LED zilizo karibu. Udhaifu wa waya ni kwamba unaweza kukatika ukinaswa, hasa wakati wa matope. Uzungushe kwenye kebo ya breki, uache nafasi ya usukani kugeuka, ufunge kwa vibano vya plastiki. Ukikatika, fundi yeyote wa redio mwenye chuma cha kulehemu risasi ataunga, kwani ndani mna nyaya mbili tu.

Tatu, skrini. Namba kubwa, nyeusi juu ya kijivu, inayosomeka juani bila taa. Itazame ukiwa nje ya duka, siyo chini ya taa za duka. Ukipanda usiku hutaiona, lakini usiku macho yanapaswa kuwa barabarani.

Nne, vitufe. Kimoja au viwili, vinavyobonyezeka ukiwa umevaa glavu au kidole kikiwa na matope. Hapa kwetu mvua ya mchana ni jambo la kawaida, na skrini ya kugusa ikilowa hujibonyeza yenyewe kana kwamba ina mashetani.

Tano, mzingo uingizwe kwa milimita. Baadhi ya vifaa vya bei ya chini sana hukupa orodha ya saizi za inchi uchague. Viache.

Sita, jumla ya kilomita. Betri ikiisha, je, jumla inabaki? Kama haibaki, je, unaweza kuiandika upya kwa mkono? Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu jumla ndiyo inayokwambia mnyororo umechoka na tairi imezeeka.

Saba, vipuri. Uliza kama kihisi, sumaku na kishikio vinauzwa peke yake. Kampuni za zamani kama CatEye ya Osaka na Sigma ya Ujerumani zimejulikana kwa miaka mingi kwa vifaa vya namna hii, na ndizo ninazozianzia nikitafuta. Lakini jihadhari na bandia, na usinunue jina pekee. Tumia orodha hii hata kwa kifaa kisicho na jina.

Mwisho, kabla hujalipa, mwambie muuzaji aweke betri na umpe sumaku. Ipitishe mbele ya kihisi kwa mkono. Namba ikipanda, kifaa ni kizima. Jaribio la sekunde kumi, na halihitaji intaneti.

Wanaohitaji zaidi

Sitaki mtu aseme nimegeuka adui wa maendeleo. Wapo wanaohitaji GPS, na wapo hapahapa kwetu.

Mtu anayeshiriki mashindano ya njia za changarawe, kama Migration Gravel Race kule Maasai Mara yaliyoanza mwaka 2021, anahitaji ramani mbele yake. Huko njia inakatiza mbugani na ukipotea umepotea kweli. Timu ya Amani, ambayo marehemu Suleiman Kangangi alikuwa nahodha wake kabla ya kufariki Agosti 2022 katika mashindano ya Vermont Overland huko Marekani, imewafikisha waendeshaji wa Afrika Mashariki kwenye mashindano ya kimataifa, na kocha wa mtu wa kiwango hicho hutaka data ya kila sekunde.

Kuna pia kipimo cha nguvu, zile wati. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kupitia mikononi mwa David Kinjah kule Kikuyu kabla ya kushinda Tour de France mara nne, aliwahi kutaniwa sana kwa kuinamisha kichwa na kuitazama kompyuta yake wakati wa kupanda milima. Alikuwa anasoma wati zake ili asijichome mapema. Kompyuta ya waya haiwezi kumpa hilo.

Kama wewe ni mmoja wa hao, nunua GPS, lakini uliza maswali matatu. Je, kinafanya kazi bila akaunti? Je, naweza kutoa faili za FIT au GPX kwa kebo bila kupitia seva ya mtu? Je, kampuni bado inakitolea masasisho? Kikiwa kimetumika, ongeza la nne: je, mwenyewe wa kwanza ameshakiondoa kwenye akaunti yake? Hayo ndiyo maswali ambayo mimi, mwenye digrii ukutani, sikuyauliza.

Vilevile, kama unataka tu kuiona njia uliyopita, simu yako inaweza kurekodi ikiwa mfukoni, skrini imezimwa. Haina haja ya kukaa kwenye usukani ikinyeshewa na kuwavutia wezi.

Na daftari?

Wengine huniambia, bila rekodi nitajuaje kama ninaendelea? Jibu liko kilomita chache kutoka hapa. Eliud Kipchoge, anayefahamika kwa kufanya mazoezi Kaptagat, amekuwa akiandika mazoezi yake kwa mkono kwenye madaftari tangu mwaka 2003. Mtu aliyekimbia marathoni kwa saa 2:01:09 huko Berlin mwaka 2022, na ambaye wafadhili wangempa kifaa chochote anachotaka, anaandika kwa kalamu. Sisemi kalamu ndiyo iliyomfikisha pale. Nasema tu kwamba daftari halijamzuia, na kwamba ukilazimika kuandika mwenyewe "kilomita 62, miguu mizito, upepo wa Moiben" unakumbuka zaidi kuliko grafu uliyoitazama mara moja.

Mpwa wangu sasa ana kompyuta ya waya ya shilingi 3,500. Inaonyesha kasi, umbali, jumla na saa. Niliilipia mimi, pamoja na taa mbili, na tuliifunga pamoja uani, nikamwonyesha ile njia ya chaki. Ana daftari la mraba la shule analoandika kila jioni. Kile kifaa cha GPS kipo kwenye droo yangu, na nilipokifungua nikakuta maji yameingia kwenye tundu la kuchajia, kwa hiyo huenda kuganda kulianzia hapo.

Wiki iliyopita alirudi Biretwo. Aliondoka mapema, akageuza saa nane kamili, akafika Iten jua bado liko juu. Simu pia alibeba safari hii, kwa amri ya mama yake.

Haya, kama unapanga kununua, pima tairi yako kwanza, na uhesabu bei ya taa kabla ya bei ya kompyuta. Wiki ijayo nikijaliwa nitarudi kwenye hifadhidata.